Namba Zilisema Mimi Ndiye Ninayempandisha Mama Mkwe Presha

Shemeji yangu alinithibitishia kwa hesabu kwamba mimi ndiye ninayemuua mama yake.

Hakunitukana. Hakupandisha hata sauti. Aligeuza laptop ili nione vizuri, akasema anasikitika sana.

Na mimi nikaamini.

Naandika haya nikiwa sina hasira na mtu. Hasira ingekuwa afadhali, angalau ingenipa cha kufanya. Mwenzenu nimekufa ganzi tu. Nakula nikikumbuka, nalala nikichoka, nashona. Kwa hiyo mkiona nasimulia kikavu kikavu, mnivumilie, ndivyo nilivyobaki.

Ngoja kwanza niwapange mjue nani ni nani.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nina chumba kimoja cha kazi, cherehani mbili, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Kwao wamezaliwa wanne.

Wa kwanza ni wifi mkubwa. Huyo ndiye jenerali wa familia. Akisema tukae, tunakaa. Ana kazi nzuri, ana fleti ghorofa ya nne, na ana mdomo ambao sijawahi kuuona umekosa la kusema.

Wa pili ndiye mume wangu.

Wa tatu ni shemeji, anafundisha takwimu chuoni. Nyumbani wanamwita Asilimia, maana hata ukimuuliza kama mvua itanyesha atakujibu kwa asilimia. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele mtataka kumchukia.

Wa mwisho ni wifi mdogo, wanamwita Kitinda. Mtu mzima wa miaka thelathini, anauza nguo mtandaoni, na ndiye aliyebaki nyumbani akiishi na Mama.

Halafu kuna Mama mwenyewe. Mama mkwe wangu.

Najua mkisikia mama mkwe na mke wa mwanawe mnakaa mkao wa kusikiliza vita. Hapa hakuna vita. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, mama huyu alihamia kwangu, akawa anafua, anapika, anafagia, na hakuniuliza swali hata moja. Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kuniambia pole, na wala sikuwa nimeihitaji.

Nilimpenda. Naomba hilo mlishike.

Sasa, Mama alikuwa na presha ya kupanda, ya miaka mingi. Daktari akasema apimwe nyumbani kila asubuhi. Wifi mkubwa akanunua mashine, zile za betri. Unafunga mkanda kwenye mkono juu ya kiwiko, unabonyeza, mkanda unajaa upepo, unabana, unaachia, namba zinatokea kwenye kioo.

Akafungua na kundi la familia kwenye simu, akaweka sheria moja. Kila asubuhi ipigwe picha ya kioo cha mashine, itumwe. Maneno hataki. Mama ni mtu wa kusema "mimi mzima" hata akiwa hawezi kunyanyuka kitandani, kwa hiyo wifi alitaka ushahidi.

Ikawa kila asubuhi Kitinda anatuma picha. Namba tupu kwenye kioo. 118 kwa 76. 121 kwa 79. Watu wanapiga dole gumba, siku inaendelea.

Tatizo likaja kuwa mimi.

Nilikuwa nikipeleka mapazia kwa wateja wa upande ule, napita kwa Mama asubuhi. Kitinda akiniona tu anashukuru, ananiachia mashine, anatoka kupeleka mizigo ya wateja wake. Mimi ndiye ninayempima Mama siku hiyo.

Mama alikuwa anauchukia ule mkanda. Ulikuwa unambana mkono mpaka anafumba macho. Namshika mkono wa pili, nampa umbea wa wateja wangu, kama yule mama aliyetaka pazia la rangi ya gauni la jirani yake ili amkere. Mama anacheka kwa tumbo tu, maana nimemwambia asitingishe mkono. Mkanda unaachia. Natazama kioo.

168 kwa 98.

Napiga picha, natuma. Wifi mkubwa anaandika: "Mmefanya nini huko?"

Sijafanya kitu. Nimepima.

Kesho yake Kitinda anatuma yake. 119 kwa 77.

Nikienda tena, 172 kwa 101. Nikiondoka, 120 kwa 78. Nilimpeleka kliniki mwenyewe, kule nako ikasoma juu, daktari akaongeza dawa. Niliporudi na habari hizo, wifi mkubwa aliuliza swali moja tu: kliniki alikwenda na nani?

Mwanzoni ilikuwa utani. Wakawa wanasema ukimtaka Mama apande, mwite fundi. Na mimi nikawa nacheka nao. Kisha nikaona nacheka peke yangu.

Nilimwambia Mama mwenyewe. Akasema wamechanganyikiwa, kwamba siku ninayokuja ndiyo siku anayopumua. Lakini nani angemsikiliza, wakati picha zipo?

Aliyeomba hesabu ifanywe ni mume wangu. Alichoka maneno. Siku moja amerudi safari, akampigia mdogo wake akamwambia, wewe si ndiye mtu wa namba? Basi kaa chini upime kitaalamu kama mke wangu anahusika, ili watu wafunge midomo.

Maskini, alidhani ananitetea.

Tukaitwa fletini kwa wifi mkubwa, Jumapili mchana. Mama hakualikwa. Mimi nilikaa karibu na mlango, mume wangu pembeni yangu. Kitinda alikaa chini kwenye zulia, macho kwenye simu, kidole cha mguu kinachorachora.

Asilimia alianza polepole, kama yuko darasani. Alisema hapa tuna vitu viwili vinavyobadilika. Kimoja ni presha ya Mama. Kingine ni kuwepo kwangu. Siku niliyokuwepo ameiandika moja, siku ambayo sikuwepo ameiandika sifuri.

Yaani mule kwenye laptop mimi nilikuwa safu ya moja na sifuri.

Akasema mtu wa takwimu haanzi kwa kumshuku mtu. Anaanza kwa kudhani kwamba vitu hivyo viwili havihusiani kabisa, halafu anazipa namba nafasi ya kumbishia. Anajiuliza: kama kweli havihusiani, ingekuwa rahisi kiasi gani kupata tofauti kama hii kwa bahati tu? Ikiwa ni rahisi, hana la kusema, anafunga kazi. Ikiwa ni vigumu sana, basi hapo kuna jambo.

Wifi mkubwa alimwambia aache kufundisha, aseme jibu.

Ndipo alipogeuza laptop. Kulikuwa na mafungu mawili ya vidoti. Fungu la sifuri limekaa chini, limebanana kama watu waliosikia baridi. Fungu la moja liko juu, limetawanyika. Hata mtoto wa chekechea angeona.

"Uhusiano ni mkubwa," alisema. "Na kwa bahati tu, tofauti kama hii haitokei hata mara moja katika elfu. Shem, samahani, lakini namba ndivyo zinavyosema."

Halafu akaongeza kwamba uhusiano peke yake hausemi nani amesababisha nini. Alilisema hilo kweli, siwezi kumdhulumu. Ila alilisema harakaharaka, kama wale wa redioni wanaomalizia tangazo kwa kusema vigezo na masharti kuzingatiwa. Hakuna aliyelisikia. Nadhani hata yeye mwenyewe hakulisikia.

Nikamuuliza, "Sasa nikienda pale nafanya kitu gani kinachompandisha?"

"Hilo hesabu haisemi, shem."

Nikatafuta mwenyewe. Labda umbea unamchosha. Labda nacheka kwa sauti kubwa. Labda akiniona anakumbuka ile mimba, roho inamuuma, hasemi. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Nikasema moyoni, huenda mtu akakupenda na bado ukawa unamdhuru.

Wifi mkubwa akatoa uamuzi. Nisiende kwa muda, tuone. Na simu nisipige wala nisipokee, kwani sauti nayo ni kuwepo. Mama ataambiwa nimepata kazi ya mapazia ya hoteli nzima, sina nafasi.

 Njiani kurudi mume wangu akasema tuvumilie tu, ni kwa ajili ya Mama. Nikamwambia ndiyo, ni kwa ajili ya Mama. Sikuwa namkejeli.

Kitinda alikuwa ametangulia kutoka. Hakuaga mtu.

Basi nikaacha kwenda.

Na picha zikaja nzuri, tena nzuri ajabu. Kila asubuhi 117, 120, 118, 119. Hakuna tena ile milima. Wifi mkubwa akawa anatuma maua kwenye kundi. Asilimia akaandika kwamba Mama amerudi usichana, na wote wakacheka. Hata mimi niliweka dole gumba.

Hapo ndipo ganzi iliponiingia, nakumbuka kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nimeshika simu, natazama namba nzuri ya mama ninayempenda, na nikaelewa kwamba ni nzuri kwa sababu mimi sipo. Sikulia. Nikaweka simu kifudifudi nikaendelea na upindo wa pazia.

Mama alikuwa akipiga. Naiona simu inaita, jina lake linawaka, naiacha mpaka inakata. Kila ikikata nahisi nimempa dawa.

Kuna siku ilifika zamu ya kliniki, wifi mkubwa akampeleka mwenyewe. Ikasoma juu. Juu kama siku zangu. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya kukatia, mbali kabisa na pale.

Wifi hakushtuka. Alitoa simu akamwonyesha daktari picha za nyumbani, asubuhi baada ya asubuhi, zote safi. Daktari akaangalia, akasema wako watu wanaopanda wakiona tu koti jeupe, ni woga wa hospitali. Kwa namba za nyumbani zile, akasema, dawa alizonazo ni nyingi mno. Akazipunguza.

Kipimo kile cha kliniki hakikuingizwa kwenye hesabu ya Asilimia. Wifi alisema hicho hakihesabiki.

Wakashangilia kwenye kundi kwamba Mama amepunguziwa dawa. Niliandika, "Tunamshukuru Mungu."

Asubuhi moja Kitinda akatuma picha. 118 kwa 76.

Kabla ya adhuhuri mume wangu akanipigia. Alikuwa njiani na lori. Akasema Mama ameanguka jikoni, hazungumzi, upande mmoja wa mwili hauko.

Nilikimbia hospitali. Hakuna aliyenizuia, sijui kama walisahau au waliona haina maana tena. Nilimkuta macho yako wazi, mdomo umevutwa pembeni. Nikamshika mkono. Macho yakageuka yakanitazama muda mrefu, hakuweza kusema chochote, na mimi nilikuwa sijui naruhusiwa kukaa hapo mpaka lini.

Alifariki kabla mume wangu hajafika.

Daktari wa wodini alituambia kiharusi hicho hakikuja ghafla. Alisema moyo wake ulikuwa umetanuka, kwamba presha imekuwa juu kwa muda mrefu na ilikuwa inafanya kazi yake taratibu. Wifi mkubwa akamwambia hapana, presha ya Mama ilikuwa nzuri, tunazo picha. Daktari akamtazama kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha wakati amesimama kwenye vumbi.

Tukazika.

Watu walipopungua, tulikaa sebuleni kwa Mama sisi watano. Wifi mkubwa alitaka kuishtaki hospitali. Alisema haiwezekani mtu ana 118 asubuhi halafu mchana apasuke mshipa wa kichwa. Ama walimpa dawa mbaya, ama wanaficha jambo.

 Asilimia akasema kabla hatujamshtaki mtu, tuhakikishe mashine ilikuwa nzima. Akajifunga mkanda akajipima. Akatoa mashine nyingine aliyoazima duka la dawa, akajipima tena. Zikasoma karibu sawa. Mashine ilikuwa haina ugonjwa.

Akafikiri kidogo. Akasema labda shida ilikuwa namna ya kufunga, mkanda ukiwa legelege unadanganya.

"Kitinda," alisema, "hebu nionyeshe ulivyokuwa unapima. Vilevile kama kila asubuhi."

 Macho ya Kitinda yalikuwa yamevimba kwa kulia, sidhani hata kama alikuwa anafikiri. Alichukua mashine, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Akapandisha mkono wa blauzi yake. Akajifunga mkanda, akabonyeza, na kwa mkono wa pili akashika simu tayari kwa picha.

Ilikuwa mazoea tu. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mashine ikanguruma. Nadhani alizinduka pale mkanda ulipoanza kumbana, kwa sababu alituangalia mmoja mmoja, akawa hajui aufungue au auache. Ukaachia wenyewe. Namba zikatokea.

118 kwa 76.

Wote tulikuwa tunaijua namba hiyo.

"Huo ni mkono wa nani?" Asilimia aliuliza.

"Wangu."

"Na zile picha?"

"Zote," akasema Kitinda. "Kasoro za wifi."

 Mume wangu alinishika goti kwa nguvu, nikautazama mkono wake kama wa mtu nisiyemfahamu.

Kitinda akaeleza, na kueleza kwenyewe kulikuwa kama kutapika. Siku za mwanzo Mama alikataa mkanda, alisema unamuumiza, aachwe. Kundi nalo linadai picha, wifi mkubwa anapiga simu picha iko wapi. Na wifi alikuwa ameshatamka kwamba presha isipotulia, Mama atahamishiwa kwake fletini. Mama hakutaka kuondoka kwenye nyumba yake akakae ghorofa ya nne. Basi akamwambia Kitinda, jipime wewe, watumie wanyamaze.

Walicheka siku hiyo. Ilikuwa mzaha wa asubuhi moja. Kesho yake ukawa rahisi zaidi, na keshokutwa ukawa ndio utaratibu. Mama alidhani maneno ya kundi ni utani tu, na habari ya kikao hakuambiwa kamwe.

Mume wangu alimuuliza kwa sauti ya chini sana. "Siku ile ya kikao ulikuwepo. Ulimsikia mke wangu anahukumiwa. Mbona hukusema?"

"Nilidhani hesabu ingejua," Kitinda alisema. "Kaka ni mtaalamu. Nikasema kama picha zangu si za kweli, hesabu itazikataa. Haikuzikataa. Nikaona basi labda ni kweli wifi anampandisha."

Asilimia aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili.

Kitinda alinigeukia mimi. Hilo alilosema hapo ndilo ninaloishi nalo.

"Mama hakukataa kupimwa moja kwa moja," alisema. "Alisema atapimwa na wewe ukija. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama ni leo."

Wifi mkubwa alifungua mdomo, akaufunga. Mimi nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vikombe. Niliviosha vyote, hata vilivyokuwa safi.

Watu wananiuliza kama nilimsamehe Kitinda. Sijui. Kusamehe kunahitaji uwe umeumia mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Yeye alimtii mama yake. Wifi mkubwa alimpenda mama yake kwa namna yake ya kuamrisha. Mume wangu alitaka kunisafisha. Hakuna hata mmoja aliyetaka afe, na amekufa.

Asilimia alikuja kwenye chumba changu cha kazi muda baadaye. Alikuwa amekonda. Nikamsogezea kigoda, akakaa katikati ya mabaki ya vitambaa.

Akasema ameirudia ile hesabu kila namna, na hakuona alipokosea. Uhusiano ulikuwepo kweli, na ulikuwa mkubwa kweli.

"Ulipokuwepo, mkanda ulikuwa kwenye mkono wa Mama," alisema. "Usipokuwepo, ulikuwa kwenye mkono wa Kitinda. Namba ziliona watu wawili, shem. Mimi ndiye niliyewafanya mtu mmoja."

Kisha akaniambia kwamba amezitoa picha zote za Kitinda, akabakiza zangu peke yake, akazipanga kwa tarehe. Alinionyesha kwenye simu. Vidoti vichache tu.

Vilikuwa vinapanda. Kila nilipokwenda presha ilikuwa juu kuliko nilivyoiacha mara iliyopita. Kidogo kidogo, bila kurudi chini hata mara moja.

"Kila ulipotuma picha ulikuwa unatuambia," Asilimia alisema. "Ulikuwa wewe tu unayetuambia." Akaanza kulia, mwanamume mzima, kwenye kigoda changu.

Nilimpa kipande cha kitambaa laini ajifute. Nilitaka kulia naye, nikajaribu kabisa. Hakuna kilichotoka.

Sasa mnasubiri funzo, najua.

Mtu akikuletea namba, usikimbilie kuuliza inamaanisha nini. Uliza ilipimwa kwa nani, nani aliipima, na ni nani alikuwepo akiona. Hesabu inaweza kuwa safi kuanzia mwanzo mpaka mwisho na bado ikamwangamiza mtu, kwa sababu hesabu hula unachoilisha. Haitoki kwenda kuchungulia chumbani.

Sisi pia hatukuchungulia. Watoto wake watatu wasioishi naye, watu wazima wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyepita asubuhi moja akakaa kwenye kile kiti akatazama anavyopimwa. Aliyekuwa anakaa pale ni mimi, na mimi ndiye niliyeondolewa.

Kwa hiyo kama mama yako yuko mbali na kila siku unaletewa habari kwamba hajambo, usiweke dole gumba. Nenda. Kaa naye. Na kama kuna mtu mmoja tu katika familia anayewaletea habari mbaya, kabla hamjamfungia mlango, hebu jiulizeni kama si yeye peke yake anayemshika mkono.